Brigedia wa Misibani

Minza mwanangu,

Umeondoka asubuhi hii kwenda Nyashimo kumuaga shangazi yako, na umesema jioni utakuwa umerudi. Nimefunga genge. Wateja wanakuja kugonga dirishani wanataka mchele, nami nawajibu kwamba leo Mama Minza hayupo. Wanacheka, kwa sababu sauti wanaijua. Nimekaa na daftari lako la Fizikia la kidato cha pili, ambalo kumbe uliandika kurasa sita tu ukaliacha, na kalamu inayovuja. Nataka niwe nimemaliza kabla hujaingia mlangoni.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za dawa, wala za kuangalia begi basi likisimama. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukawa unanikimbia. Michembe, vile viazi vya kukausha, iko chini kabisa ya begi. Basi, hayo yameisha.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumamosi. Watu walipokuja kukuaga, ukasimama katikati ya uwanja na ile suruali yako mpya, ukasema: "Wengi mnaniuliza msichana anatafuta nini jeshini. Mimi nimelelewa na Brigedia." Wakapiga vigelegele. Ukawasimulia ulivyokuwa mdogo ukiniona nimesimama mbele ya wanawake themanini, filimbi shingoni, napuliza mara moja tu na msiba mzima unatulia. Ukasema hata kwenye usaili wa kozi ya maofisa walipokuuliza nani aliyekuvutia, uliwataja si viongozi wa nchi bali mama yako. Halafu ukanigeukia ukanipigia saluti.

Nilicheka pamoja na wengine, uliniona. Baadaye nikazunguka nyuma ya choo nikatapika. Baba yako akanikuta, nikamwambia ni maharage.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo haya ninayotaka kukuambia. Lakini nakujua. Ungeniwahi kunikumbatia kabla sijafika katikati, ungesema yameshapita mama, nami ningefurahi kunyamazishwa. Karatasi hainikumbatii.

Tuanze na hilo neno lenyewe. Wewe utafundishwa la kwenye makaratasi, mimi nalijua la mdomoni.

Kule kijijini, upande wa Ipililo, unakumbuka kila kaya ilitoa mwanamke mmoja katika kikundi cha misiba. Mtu akifa, tunafika na maji, kuni na unga. Wafiwa hawagusi chochote kwa siku tatu. Mama aliyefiwa anakaa ndani kwenye mkeka, na jiko lake linashikwa na sisi. Kiongozi wetu tulimwita kamanda, kwa kuiga wanaume wa sungusungu. Walinichagua mimi kwa sababu ya sauti yangu, hakukuwa na sababu nyingine. Nilikuwa nikiita kuku, mbwa wa kaya ya pili wanaamka.

Mjomba wako Mabula alipostaafu jeshini akiwa sajenti, alikuja kututembelea, akakuta tuna msiba wa mzee mmoja jirani. Akakaa pembeni akaniangalia siku nzima. Nilipanga wa maji, wa kuni, wa kupika, wa kupokea wageni, kila kundi na mkubwa wake, na mimi nasema na wale wakubwa tu. Jioni akaja, akasema mbele ya wanawake wote: "Dada, wewe si kamanda. Hata mwenye watu kumi anaitwa kamanda. Wewe ni Brigedia."

Wakauliza hicho ni kitu gani. Mjomba wako ukimuuliza habari za jeshi hujui saa ya kulala, basi akavuta kigoda. Akasema sajenti anawapigia kelele watu anaowaona. Kapteni anajua majina yao. Kanali ana kikosi chake. Sasa juu ya kanali, ndipo anapokaa Brigedia, na yeye ana vikosi, si kikosi. Kwenye karatasi anaandikwa Brigedia Jenerali, lakini mdomoni wanakata, wanasema Brigedia. Ukiwa mbele yake unamwita Afande na unasimama wima. "Na alama yake kubwa," akasema, "ni kwamba akitamka jambo, linafanyika mahali ambapo yeye hayupo, na linafanywa na watu ambao hajawahi kuwaona."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga mboga. Kulipokucha kesho yake nilikuwa Brigedia, na hakuna aliyenirudisha tena kwenye jina langu la Kabula.

Nilipenda, Minza. Nisikufiche. Nilianza hata kutembea tofauti. Baba yako siku akija kutoka Lamadi kwenye biashara yake ya samaki alikuwa akisimama mlangoni anauliza, "Afande, ruhusa ya kuingia?" na mimi nambania kicheko namruhusu. Lakini kilichonikolea zaidi ni namna watu walivyolitumia. Zamani mtu akitumwa kwa jirani alisema, "Kabula anaomba mlete kuni." Sasa wakawa wanasema, "Brigedia amesema kuni." Kabula alikuwa anaulizwa kwa nini, na kuni za nini, na mbona jana tulileta. Brigedia haulizwi. Mtu anainuka anafuata kuni.

Kikundi kilikuwa na sheria nilizozikuta. Moja ilikuwa hii: mwanamke akikosa misiba mitatu bila udhuru, anatengwa. Hakuna wa kukanyaga kwake, kwa raha wala kwa shida. Hapewi moto, hasalimiwi, na akisalimia haitikiwi, mpaka kikundi kikae tena kimfungulie. Zamani kabla ya kumtenga, akina mama wazima walikuwa wanakaa naye wanamhoji. Wanachukua mchana kutwa. Mimi nikaona ni kupoteza muda, kila mtu ana udhuru wake na kila udhuru una mashahidi. Nikaleta utaratibu wangu. Nikasema mwenye udhuru aniletee mimi kabla ya msiba, nami ndiye nitakayeutangaza kikaoni. Usiponifikia mimi, haupo. Wakapiga makofi, wakasema huo ndio uongozi.

Holo humkumbuki. Tulitenganishwa naye na ua wa minyaa tu, na ua wenyewe mlikuwa mmeutoboa wewe na mwanawe Sayi kwa kupitapita. Sayi alikuwa rika lako, miaka minne, mvulana mwenye kichwa kikubwa ambaye kila kitu alikiita "nyau". Mama yake alikuwa mtu wa taratibu. Ukimuuliza kitu anakifikiria kwanza, halafu anacheka kidogo, ndipo anajibu. Mimi na haraka zangu nilikuwa namkamilishia sentensi.

Mwaka ule Holo alikuwa amekosa misiba miwili. Mara ya kwanza alikwenda kwao Bukundi kumwona baba yake mgonjwa, na kijana aliyempa ujumbe aniletee akasahau. Mara ya pili alishikwa na homa na neno likanifikia msiba umeshaisha. Nikayaandika yote mawili kama makosa. Sheria ilikuwa yangu, nikataka ionekane inakata hata kwa jirani.

Ndipo surua ikaingia kijijini. Ikakushika wewe mapema kabisa. Ulikuwa umevimba macho, unawaka, hutaki hata maji. Na asubuhi hiyo hiyo kikasikika kilio cha msiba upande wa pili wa kijiji. Baba yako alikuwa Lamadi. Na kabla sijafunga hata kilemba, akaja Nkamba, yule mama mrefu wa karibu na josho, akaniambia, "Brigedia, mtoto wangu ana surua, naomba nisiende." Nikamwambia msiba haumsubiri mtoto wa mtu, na watoto wote wana surua. Nilisema hivyo na wewe uko ndani ya nyumba unalia. Nkamba akaenda msibani.

Mimi nikapenya kwenye tundu la minyaa nikamwambia Holo, "Nikalie na mtoto. Mimi lazima nionekane. Udhuru wako nitautangaza mwenyewe." Akafikiria. Akacheka kidogo. Akasema, "Haya, mayu," kama anamwambia mama yake. Akaja na Sayi mgongoni kwa sababu hakuwa na wa kumwachia.

Alikaa na wewe mpaka jua linazama. Niliporudi nilikuta umelala, mwili umepoa, midomo imepakwa mafuta, nguo zako zimefuliwa zinakauka juu ya ua. Sayi alikuwa amelala pembeni yako, mguu wake juu ya tumbo lako. Holo akaniambia umekunywa uji vijiko kumi na viwili. Alikuwa amehesabu kwa sababu alijua nitauliza.

Siku ya tano tukakaa kikao, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Katibu akasoma waliokosa. Akamfikia Holo, akasema ni mara ya tatu. Akauliza kama kawaida: "Udhuru umemfikia Brigedia?"

Wote wakanigeukia. Nkamba alikuwa amekaa mstari wa mbele, na mtoto wake amempakata, ana madoa bado usoni. Minza, nilimwona yule mtoto. Nikajua nikisema ndiyo, Holo alikuwa kwangu anamuuguza Minza, Nkamba atasimama. Hata asiposimama, ataniangalia. Watajua kwamba Brigedia ana sheria ya watu na sheria ya nyumbani kwake. Nikawaza nitalirekebisha baadaye, nitamfungulia kimya kimya kikao kijacho, si ni mwezi mmoja tu.

Nikasema, "Haujanifikia."

Holo alikuwa amesimama kama ilivyotakiwa. Hakubisha. Aliendelea kuniangalia kwa ule utaratibu wake, ananisubiri nimalizie sentensi. Nilimkamilishia sentensi nyingi maishani, ile moja sikuimaliza. Katibu akaandika. Holo akachukua khanga yake, akajifunga, akaondoka.

Hili linalofuata nimeliandika, nikalikata, na sasa naliandika tena. Wiki iliyofuata Sayi akashikwa na surua. Sijui aliipata wapi. Ilikuwa kijiji kizima, na siku zile nilijiambia ameipata kisimani au kwa watoto wa josho. Inawezekana. Lakini alilala na wewe mchana mzima kwenye mkeka mmoja, na mimi ndiye niliyemwita mama yake. Sikuambii ili ubebe. Ulikuwa na miaka minne, na huna hata chembe ya deni hapo. Nakuambia kwa sababu nimechoka kulipita.

Kutoka kwetu hadi kwao ni hatua ishirini, na mimi sikukanyaga. Nilikuwa nasikia akikohoa kupitia ua. Wewe ulikuwa umepona, unasimama kwenye tundu la minyaa unaita "Nyau! Nyau!" nami nakuvuta mkono nakurudisha ndani.

Alfajiri moja Holo akalia. Ukiwa umezaliwa kule unakijua kile kilio, hakihitaji maelezo. Jua halijawa juu wanawake wakawa wamejaa uwanjani kwangu. Hawakwenda kwake, walikuja kwangu. Walikuwa na mabeseni ya unga kichwani tayari, wengine na ndoo, wengine na mizigo ya kuni. Walikuwa wamejitayarisha bila kuambiwa. Nkamba ndiye aliyesema: "Brigedia, twende?"

Filimbi ilikuwa shingoni. Ilikuwa ni kupuliza tu. Nimejiuliza miaka yote hii kilichonizuia, na jibu ninalolipata ni la aibu. Nilifikiri nikifungua leo, wataniuliza kwa nini nilifunga.

Nikasema, "Amri haijaondolewa."

Wakasimama kidogo. Halafu wakageuka mmoja mmoja, na mabeseni yao, wakarudi makwao.

Asubuhi hiyo hiyo nikaenda kuchota maji. Nilikwenda mbali, kwenye lambo, ili nisipite mbele ya kaya yao. Nikamkuta huko. Mama aliyefiwa na mtoto, ambaye kwa mila zetu hata kijiko hashiki, alikuwa amechota maji mwenyewe, anayapeleka nyumbani akamwoshe mwanawe. Aliponiona akasimama. Akaitua ndoo chini. Akapiga goti kidogo, kama tunavyowafanyia wakubwa, akasema, "Mwangaluka, Brigedia."

Hakuwa ananikejeli. Ningepona kama angenikejeli. Alikuwa ananisalimia kwa cheo changu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichokishika mkononi. Alikuwa ananipa nafasi. Sheria ilisema aliyetengwa haitikiwi, na sikumwitikia. Niliangalia maji. Nikamsikia akijitwika tena ndoo, akaondoka.

Mchana nikaona moshi jikoni kwake. Mume wake na shemeji yake walikuwa wanachimba kaburi, wawili tu, na yeye anawapikia ugali. Nilikaa ndani na mlango wazi, naangalia ule moshi mpaka ulipokwisha.

Sasa unajua kwa nini neno hilo linaniumiza. Hapa Bariadi mjini limekuwa utani. Vijana wa bodaboda pale stendi wananiita, "Shikamoo Brigedia!" na mimi nawaitikia marahaba, nawatania, nawauliza wataoa lini. Lakini kila wanapoita, kabla sijaitikia, nasikia ndoo ikituliwa chini. Haijawahi kukosa. Wakati mwingine hakuna hata aliyeita. Ninaosha vyombo nyuma ya nyumba, nasikia mwangaluka mgongoni kwangu, nageuka na sabuni mkononi. Umeshaniona nikigeuka hivyo mara nyingi, ukaniuliza naangalia nini. Nilikuwa nakudanganya kwamba ni paka. Na usifikiri ni mzimu wa mtoto. Sayi hajawahi kunijia. Anayenijia ni mtu aliye hai, anasubiri salamu yake.

Kikao cha mwezi uliofuata sikukiitisha. Cha mwezi mwingine nikasema watu wako shambani. Pamba ilipovunwa Holo na mumewe wakafunga mizigo wakahamia Bukundi kwa ndugu zake. Hakuwahi kufunguliwa. Baada ya miaka mitatu na sisi tukahama, nikaikabidhi filimbi, wakanichinjia mbuzi wa kuniaga.

Nilidhani amri ile ilikufa. Mwaka juzi nilikwenda kule kuzika, nikakaa jikoni na binti mmoja aliyeolewa pale karibuni, hanijui, tunachambua mchele. Nikamuuliza kwa mbali kama wana habari za waliohamia Bukundi. Akanijibu huku anapuliza makapi: "Aa, wale hatusalimiani nao. Brigedia alikataza." Nikamuuliza Brigedia ni nani. Akainua mabega. Akasema hajui, ni mtu wa zamani, yeye alikuta hivyo.

Nilirudi na hilo kwa mjomba wako. Sikumsimulia yote. Nilimuuliza tu, kama kwa mazungumzo, Brigedia akikosea huko jeshini wanafanyaje. Akasema amri inatenguliwa na aliyeitoa, au na aliye juu yake. Akaniangalia, akauliza: "Kwani juu yako wewe kulikuwa na nani?" Nikamwambia hakuna. Akasema basi, na akaanza kuongea habari za ng'ombe.

Hata hapo sikufanya kitu. Ilibidi unipigie saluti.

Jumapili nilikuaga naenda ibada ya kwanza. Sikwenda. Nilipanda gari nikaenda kijijini. Nilikuwa nimempigia Nkamba, yeye ndiye anayeongoza kikundi siku hizi, nikamwomba aniitie wanawake. Wakaja wengi, wa zamani na wapya, wakakaa palepale kwenye ghala. Nikasimama. Minza, ile sauti yangu ya kuitia kuku ilikuwa imekwenda, ikabidi wasogee. Nikasema: "Udhuru wa Holo ulinifikia. Mimi ndiye niliyempa. Alikuwa kwangu anamuuguza mwanangu, na mimi nikasema haujanifikia. Nilidanganya." Nikamgeukia Nkamba nikamwambia na lake, la surua ya mwanawe. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kutengwa mimi, na ningekubali.

Halafu akainuka bibi mmoja, Mama Limi, ambaye siku hizi macho hayaoni vizuri. Akasema, "Tulijua."

Nikamwambia hapana mama, hamkujua, nilificha.

Akasema, "Siku ile ya msiba nilitumwa kwako kuchukua sufuria kubwa. Aliyenipa ni Holo. Alikuwa amempakata Minza, anampa uji. Nikarudi nikawaambia wenzangu, hata huyu Nkamba nilimwambia. Tulijua wote."

Nikamwangalia Nkamba. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikawauliza, sasa mbona siku ya kikao mlinyamaza? Mbona mlikuja uwanjani kwangu na mabeseni mkarudi nayo?

Nkamba akanijibu polepole, kama anamweleza mtoto. "Udhuru ulikuwa unapitia kwako. Tulikuwa tunakusubiri wewe useme."

Themanini, Minza. Kila mmoja alijua yule mama hana kosa, na kila mmoja alirudi nyumbani na unga wake. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikijilaumu kwa kuwaficha, na kumbe hakuna nilichoficha. Waliona kila kitu, na hawakuweza kufanya kitu kwa sababu nilikuwa nimewafundisha kusubiri mdomo wangu. Nililia pale mpaka Mama Limi akanishika mkono. Wakamfungulia Holo siku ileile, kwa makofi, kama inavyotakiwa, na yeye hayupo.

Mimi sikuogopei bunduki, wala kuruka, wala baridi ya huko. Una miguu ya baba yako, utakimbia. Ninakuogopea siku utakapovaa nyota, halafu nyingine, ukaanza kusikia watu wanasema "Afande amesema" badala ya kusema Minza amesema. Utapenda. Usijifanye hutapenda, maana wewe ni mwanangu. Siku hiyo tafuta mtu mmoja atakayeweza kukuambia umedanganya, umlishe, umtunze, usimhamishe kituo. Zaidi ya hilo sijui la kukufundisha, kwa sababu mimi sikuwa naye.

Na kama umekasirika, kasirika. Una safari ya siku nzima na dirisha la kuangalia. Ukitaka kunyamaza kwanza hata miezi, nyamaza, nitakuwepo. Ila usiwaambie tena watu kwamba umelelewa na Brigedia kana kwamba ni sifa.

Kesho basi lako likiondoka, Jumamosi mimi nakwenda Bukundi. Nkamba amesema tufuatane, nimemwambia hapana, hapa naenda Kabula peke yake. Sijui kama Holo atanipokea. Nimeambiwa bado yuko, ana wajukuu, ana mbuzi wengi, bado ni mtu wa taratibu. Huenda akafunga mlango, na ni haki yake. Lakini ninavyomjua, akinikaribisha hataanza na Sayi. Ataanza na wewe. Atafikiria kwanza, halafu ataniuliza kama yule mtoto alipona vizuri, kama macho hayakuharibika. Nitamwambia alipona, amekuwa mrefu kunipita, na jana ameenda jeshini.

Halafu ataniuliza kama unajua ni nani aliyekushika siku ile. Nataka niweze kumjibu bila kumdanganya mara ya pili.

Mama yako,
Kabula